Habari za Chikanda: Kiazi cha Porini, Mpaka wa Tunduma, na Ulinzi Wake

Mkoa wa Songwe, uliokatwa katika mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una mji mmoja ujulikanao kuliko mingine yote, nao ni Tunduma, ulio mpakani. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, katika nchi ya Zambia, na mgeni asiyezijua alama za mpaka aweza kudhani kwamba miji hiyo miwili ni mmoja. Katika Tunduma hupita mafuta, shaba, mahindi, nguo na bidhaa nyingine nyingi, ambazo habari zake zimeandikwa sana. Lakini kiko kitu kimoja kilichopita hapo kwa magunia, ambacho hakikuandikwa sana, wala hakihesabiwi miongoni mwa mazao ya mashamba, kwa sababu hakuna akilimaye. Kitu hicho ni kiazi kidogo cha porini kiitwacho chikanda.

Katika maneno yafuatayo nataka kueleza jina lake, na mmea wenyewe, na jinsi desturi ya kukila ilivyobadilika kwa ajili ya mpaka, na barabara, na reli. Kisha nitaeleza jinsi ulinzi wake ulivyopotea, na ni nani awezaye kuurudisha. Habari hii yawahusu walimu na wachungaji wa vijijini kuliko watu wa mjini, kwa maana wao hukaa mahali kiazi hiki kichimbwapo, nao huwa wa kwanza kuona kinapoadimika.

1. Jina

Katika lugha ya Wabemba wa Zambia kiazi hiki, pamoja na chakula kipikwacho kwacho, huitwa chikanda. Kaskazini mwa Malawi lasikika jina la chinaka, na katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania watu husema kinaka, ingawa wafanyao biashara wamekwisha kulizoea lile la Zambia. Msomaji aziangaliaye lugha zetu atatambua mara kwamba chinaka na kinaka ni neno moja, kwa kuwa chi- ya huko ndiyo ki- ya huku. Kwa hiyo majina si matatu bali ni mawili. Walakini mtu wa pwani asije akadhani kwamba chikanda ni kikanda cha ngozi, wala kwamba limetoka katika kitenzi cha kukanda, ati kwa sababu unga wake husongwa. Sauti za maneno zaweza kufanana pasipo ujamaa wowote.

Kiswahili sanifu hakina jina lake chenyewe la jamii nzima ya mimea hii. Twasema okidi, neno lililotujia kwa njia ya Kiingereza, nalo asili yake ni Kiyunani, maana yake kokwa za mwanamume. Kwa kuwa ukiung'oa mmea utaona viazi viwili vikikaa pamoja. Waarabu nao waliviita kokwa za mbweha, na katika jina hilo Waturuki walipata neno lao salep, ndilo jina la kinywaji cha moto kitengenezwacho kwa unga wa viazi vya okidi za nchi yao. Basi tazama: Wayunani, Waarabu na Waturuki, wote walikitia kitu hiki jina kwa sehemu yake iliyo chini ya ardhi. Lakini wataalamu wa mimea huzipanga okidi kwa maua yao, wala si kwa viazi. Tofauti hii yaonekana kuwa ndogo, nayo nitairudia hapo mbele, maana ndani yake imo sababu moja ya kushindwa kwa sheria.

2. Mmea wenyewe

Okidi ziko za namna mbili: zikaazo juu ya miti, na ziotazo chini. Chikanda chatoka katika hizi za chini, hasa zile ambazo wataalamu huziita Disa, Satyrium na Habenaria. Huota katika mbuga zenye maji, ambazo Wazambia huziita dambo, na katika majani mafupi ya milimani, na nyingine katika miombo. Wakati wa kiangazi hakuna kitu kionekanacho juu ya ardhi. Moto wa nyika hupita juu, nacho kiazi kimelala chini salama. Mvua zikianza, mwezi wa Novemba au Desemba, chipukizi hutoka likila akiba ya kiazi cha mwaka uliopita. Hata mmea uchanuapo, chini yake viko viazi viwili: kimoja kilichonyauka, kwa sababu kimekwisha kutoa nguvu zake, na kingine kipya, kigumu, kilichojaa, ambacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kipya. Akikitwaa, ameutwaa uhai wa mmea ule.

Labda mtu atasema, Je, mbegu hazipo? Zipo, nazo ni nyingi mno, nyembamba kama vumbi, hata tunda moja laweza kuwa na maelfu. Lakini mbegu ya okidi haina chakula ndani yake kama punje ya mhindi au haragwe. Haiwezi kukua isipokutana na kuvu fulani iliyomo udongoni, ambayo huilisha hata ipate majani yake. Kwa hiyo mbegu zilizo nyingi hupotea bure, na ile iliyobahatika kuota hukaa miaka kabla ya kuchanua. Ndiyo sababu mtu hawezi kupanda chikanda kama apandavyo viazi vitamu. Wataalamu wamejaribu kuziotesha mbegu za namna hii katika vyumba vya sayansi, lakini mkulima wa kawaida hana vyombo vya kazi hiyo. Kwake yeye shamba la chikanda ni pori lenyewe.

3. Chakula na walaji wake

Upishi wake ni huu. Viazi huoshwa, humenywa, huanikwa, kisha hutwangwa kuwa unga. Maji hutiwa chumvi, pilipili na unga wa karanga. Yakichemka, unga wa chikanda hutiwa pamoja na magadi au soda, na kusongwa hata uwe mzito na kuvutika. Halafu hufunikwa, makaa huwekwa juu ya kifuniko, nacho huiva juu na chini. Kikipoa hukatwa vipande kama mkate. Kwa rangi na kwa ugumu wake chafanana na nyama ya soseji kubwa, ingawa hakuna nyama ndani yake hata kidogo.

Kwa Wabemba na jirani zao chakula hiki ni cha zamani. Bibi Audrey Richards, mtaalamu wa Kiingereza aliyekaa kwa Wabemba katika miaka ya 1930, alitoa kitabu mwaka 1939 juu ya ardhi, kazi na ulaji wao, akaonyesha jinsi watu wa nchi ile walivyotegemea vyakula vya porini pamoja na mavuno yao ya ulezi, hasa katika miezi ya njaa ghala zinapokuwa tupu. Upande wa Tanzania, katika nyanda za juu, viazi vya okidi vilijulikana pia, lakini kwa wenyeji walio wengi havikuwa chakula kikubwa.

Hapa yafaa kuangalia jambo moja la desturi ya zamani. Mwanamke aliyechimba viazi kwa ajili ya chungu chake alichimba kiasi cha chungu. Aliyechimba ndiye aliyekula, naye alijua kwamba mwaka ujao atarudi mbugani pale pale. Sisemi kwamba watu wa kale walikuwa na hekima kuliko sisi, wala kwamba waliweka amri juu ya kila jani. Nasema tu kwamba ufupi wa njia ulikuwa ulinzi. Mahitaji yalikuwa madogo, na jicho lililoona mbuga ikipungukiwa ndilo jicho la yule yule aliyetaka kula tena.

4. Mpaka na njia

Ulinzi huo haukuvunjwa siku moja. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, walipatana kugawana nchi, na mwaka 1898 watu wao walikuja kuupima mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mstari ule uliwakata Wanyamwanga sehemu mbili, wengine wakawa chini ya Wadachi na wengine chini ya Waingereza, hata leo wako Watanzania na wako Wazambia wenye lugha moja na jamaa moja. Kwa muda mrefu mpaka haukubadilisha sana maisha ya mbugani. Lakini uliweka mahali ambapo baadaye sheria mbili na fedha mbili zingekutana, na mahali pa namna hiyo ndipo soko linapozaliwa.

Badiliko la pili lilikuja kwa shaba. Tangu miaka ya 1920 machimbo makubwa ya shaba yalifunguliwa katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya sasa, na wanaume wengi wa Kibemba walikwenda kufanya kazi huko. Wakaja wake zao pia, na mapishi ya nyumbani yakaja nao. Polepole chakula cha porini cha watu wa kaskazini kikawa kitamu cha mjini, kikiuzwa vipande vipande sokoni na vituoni, kikapendwa hata na makabila yasiyokijua zamani. Mlaji wa mjini hakuiona mbuga, wala hakuujua mmea. Aliona kipande cha chakula na bei yake.

Badiliko la tatu ni la njia. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao, na Zambia ikaona kwamba njia yake ya kusini imo mikononi mwa adui. Ndipo ilipoutazama mlango wa Dar es Salaam. Bomba la mafuta lilimalizika mwaka 1968, barabara kuu ikatengenezwa kwa lami, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Njia hizi zote tatu zilipita Tunduma. Zilijengwa kwa sababu njema, wala hakuna aliyeufikiri mmea wa mbugani alipoweka reli; lakini zilikifanya kiazi kichimbwacho mlimani Tanzania kiweze kuliwa Lusaka baada ya siku chache.

5. Biashara ya Tunduma na milima ya Kitulo

Kwa muda Zambia ilijitosheleza kwa mbuga zake. Zilipochoka, wanunuzi waligeukia nchi za jirani, Kongo na Angola, na zaidi Tanzania. Viazi vilivyopita Tunduma havikuchimbwa Tunduma vyote. Vingi vilitoka mbali, katika milima ya Mbeya, Makete na sehemu nyingine za nyanda za juu, vikanunuliwa vijijini na wachuuzi, vikajazwa magunia, vikaletwa mpakani kwa magari. Wataalamu wawili, Tim Davenport wa shirika la kuhifadhi wanyama pori liitwalo WCS, na Henry Ndangalasi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya uchunguzi juu ya biashara hiyo na kuutangaza mwaka 2003. Walikadiri kwamba viazi vilivyovuka kwenda Zambia kila mwaka vilikuwa kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1, na kwamba aina za okidi zilizo hatarini zaweza kufika 85. Mwenye kukumbuka yale niliyosema juu ya kile kiazi kipya ataelewa uzito wa hesabu hii: si kwamba mimea milioni kadhaa ilipunguzwa majani, bali iling'olewa.

Waturuki wamepatwa na jambo lile lile kwa salep yao. Kilo moja ya unga wake hutaka viazi 1,000 hata 4,000, na kwa kuwa mbuga zao ziliharibika, serikali yao ilikataza kuvipeleka nchi za nje. Basi neno hili si upungufu wa akili za watu wa Afrika. Ni mwendo wa kila kitu cha porini kinunuliwacho na mji.

Katika nchi zilizochimbwa, iliyosifiwa kuliko zote ni uwanda wa Kitulo, ulio juu ya Mbeya na Makete, kwa kimo cha meta 2,600 hivi. Mwingereza James Frederic Elton, aliyekuwa balozi mdogo huko Msumbiji, aliupita mwaka 1877, akafa mwaka ule ule katika Ugogo kabla ya kufika pwani, na Wazungu wakauita uwanda ule kwa jina lake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Zimo humo zaidi ya aina 350 za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi. Mwaka 2002 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba itaufanya hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 ikawa hivyo rasmi, eneo la kilomita za mraba 412.9. Hifadhi nyingi za Afrika ziliwekwa kwa ajili ya wanyama wakubwa. Hii iliwekwa kwa ajili ya maua.

Hilo ni jambo la kushukuru. Walakini hifadhi ina mipaka, nazo okidi hazikupewa habari ya mipaka hiyo. Nje yake, katika vijiji vya milimani, mbuga nyingi zimelimwa viazi mviringo na pareto. Na huku chini, katika uwanda wa Mbozi, kahawa na mahindi vimekaribia kingo za mbuga zenye maji. Huko hakuna askari wa hifadhi. Mlinzi, kama yuko, ni kijiji chenyewe.

6. Sheria za mpakani

Msomaji atauliza, Je, hakuna sheria? Iko. Mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaitwayo CITES, yalitiwa sahihi Washington mwaka 1973. Tanzania iliingia mwaka 1979, na Zambia mwaka 1980. Okidi zote zimo katika orodha za mapatano hayo, na walio wengi wamo katika orodha ya pili, maana yake haziuzwi nchi za nje pasipo hati ya serikali, na hati hiyo yapasa kutolewa ikiwa imehakikishwa kwamba uchimbaji haukuudhuru mmea huko porini.

Sheria ni njema, lakini yamkuta askari wa mpakani na gunia. Hapa narudia lile neno juu ya majina. Aina za okidi hujulikana kwa maua, na ndani ya gunia hakuna ua hata moja. Viko viazi, navyo hufanana. Askari awezaje kusema hiki ni cha mmea ulio mwingi, na hiki ni cha mmea uliobaki katika mlima mmoja tu? Sarina Veldman na wenzake waliotangaza uchunguzi wao mwaka 2018 walinunua viazi katika masoko ya Zambia, na ili kuvitambua iliwabidi kupima chembe za urithi zilizomo ndani yake. Walikuta aina 16, na tatu miongoni mwake hazikuwa zimeandikwa bado kuwa zauzwa sokoni. Hivyo jambo ambalo mchimbaji aliliona kwa macho yake mbugani, alipokuwa ameshika mmea mzima wenye jani na ua, lilihitaji mashine za kitaalamu ili lijulikane tena baada ya safari ya Tunduma. Ujuzi ulikuwapo, lakini uliachwa nyuma pamoja na majani yaliyotupwa.

Tena liko neno la pili, zito kuliko hilo. Wachimbaji ni nani? Joyce Challe na Lisa Price, waliochunguza habari za Makete na kuzitoa mwaka 2009, waliwakuta miongoni mwao watu wa nyumba zilizopigwa na ugonjwa wa UKIMWI. Mtu asiye na nguvu za kulima wala fedha za mbolea aweza kwenda mlimani na jembe bovu akarudi na kitu cha kuuza. Ukimkamata huyu, umekamata ndoo moja ya viazi na njaa ya watoto wake. Mnunuzi mwenye magunia atampata mwingine kesho. Na ukikataza kabisa bila kumpa njia nyingine, hataacha kuchimba, bali atachimba usiku, kwa haraka, pasipo kuchagua. Anayependa maua ya Kitulo kuliko watu wa Makete hajaelewa bado jambo lenyewe. Na anayesema tuwaache wachimbe hata kiishe, huyo naye hajawapenda wachimbaji, maana kikiisha wao ndio watakaokuwa hawana kitu.

7. Mvua na joto

Juu ya hayo yote limeongezeka jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Dunia imepata joto kupita digrii moja tangu karne ya 19, na mmea ukaao mlimani hauwezi kukimbia ila kwa kupanda juu. Kwa kadiri ya kawaida, mtu akipanda mlima meta 100 hali ya hewa hupoa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hiyo joto likizidi digrii moja, mmea utakao ubaridi ule ule wapaswa kuhama meta 160 hivi kwenda juu. Uwanda wa Kitulo una meta 2,600, na kilele cha Mtorwi, kilicho kirefu kuliko vyote katika milima ile, kina meta 2,961. Hesabu yake ni nyepesi: ngazi imebaki na vidato viwili, na cha juu ni chembamba.

Okidi za mbuga za chini zina taabu nyingine. Nyanda za kusini zina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Chipukizi hutoka kwa kuzila akiba za kiazi cha zamani, na mmea huhitaji wiki nyingi za unyevu ili kujaza kiazi kipya. Mvua ya kwanza ikinyesha kisha ikakatika, mmea umekwisha kutumia akiba, nao haujapata nyingine. Mahali palipo na mimea mingi, mwaka mbaya wa namna hiyo huacha mabaki ya kuanzia tena. Mahali palipochimbwa hata ikabaki michache, mwaka mmoja waweza kuimaliza. Kwa sababu hiyo uchimbaji na hali ya hewa si mambo mawili ya kushughulikiwa na watu mbalimbali. Mbuga iliyochimbwa sana haina nguvu ya kuvumilia mvua mbaya, nayo mbuga iliyoachwa na mimea mingi, yenye umri mbalimbali, yaweza.

8. Ulinzi wa kijiji

Basi nani atalinda? Nimeonyesha kwamba ulinzi wa kale ulikuwa katika kukutana kwa mambo mawili: aliyejua mmea ndiye aliyekuwa na faida ya kuuacha uishi. Mpaka, mji na reli viliyatenga. Mlaji yuko Lusaka, mnunuzi yuko Tunduma, askari yuko kwenye lango, na mbugani amebaki mtu maskini ambaye, asipochimba yeye leo, atachimba jirani yake. Haitoshi kuongeza askari langoni. Yapasa kuurudishia ujuzi nguvu pale ulipo, yaani kijijini.

Nguvu hiyo si ndoto, kwa kuwa sheria za Tanzania zimeitoa. Sheria ya mwaka 1982 juu ya serikali za mitaa yaruhusu kijiji kujiwekea sheria ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya uangalizi wa halmashauri yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakiruhusu kijiji kutenga msitu wake. Lakini tangu zamani watu wetu walitenga miti kuliko majani. Wanyakyusa waliuheshimu msitu wa Lubaga, mahali pa ibada ya Lwembe, wala hakuna aliyethubutu kuukata. Makaburi ya machifu nayo yalijulikana kwa vichaka vyake. Mbuga ya majani haikupata heshima hiyo, maana kwa macho ya watu mbuga ni malisho, au shamba lisilolimwa bado. Halmashauri ipangapo matumizi ya ardhi yapasa kuiandika mbuga ya okidi kwa jina, kama iandikavyo kisima na makaburi.

Na yako mambo machache ambayo kijiji chaweza kuyafanya bila fedha nyingi. Kwanza, kuzigawa mbuga, na kupumzisha sehemu moja kwa miaka kadhaa wakati nyingine zinachimbwa kwa kiasi. Pili, kutochimba kabla matunda hayajapasuka na kumwaga vumbi la mbegu. Kwa hivyo mmea utakaotwaliwa utakuwa umekwisha kuacha wazao. Tatu, kutochimba kabisa katika miaka ambayo mvua zimekatika. Nne, kuacha mbuga za namna mbalimbali zikiungana, za juu na za chini, zenye maji na zilizo kavu kidogo, bila kulimwa katikati, ili mmea upate njia ya kuhama kadiri hewa inavyobadilika. Tano, kuwataka wanunuzi wajulikane kwa kijiji na kulipa ushuru kwake, ili faida ya kulinda ionekane katika mfuko wa kijiji, wala isiwe hasara ya mjane mmoja aliyeambiwa aache.

Sheria hizi hazitasimama pasipo majina. Mtu hawezi kuandika kwamba mmea fulani usichimbwe, ikiwa katika lugha ya kijiji kile jina lake halikuandikwa popote, na katika Kiswahili zote ni okidi tu. Wataalamu wamefanya sehemu yao. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilianza kuzieleza okidi mwaka 1968 kwa kazi ya Summerhayes, kikaendelezwa na Phillip Cribb mwaka 1984 na 1989. Lakini majina yaliyomo ni ya Kilatini. Majina ya Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kimalila na Kikinga, na hasa alama ambazo wachimbaji huzitumia kupambanua mmea mmoja na mwingine kwa jani, kwa harufu, au kwa ugumu wa kiazi, yamo katika vichwa vya wanawake wazee na watoto wachungao ng'ombe.

Hapo ndipo kazi ya walimu na wachungaji ilipo. Ndugu wa Moravian walipofika Mbozi mwaka 1899 walianza kwa kusikiliza na kuandika maneno ya Kinyiha, hata mwaka 1913 Agano Jipya likapigwa chapa katika lugha ile. Walioweza kuandika lugha nzima kwa kalamu na subira, wafuasi wao waweza kuandika majina ya mimea ya mbuga moja. Mwalimu na achukue daftari, awaendee wachimbaji bila kuwatisha wala kuwashitaki, aende nao mbugani mwezi wa Januari au Februari maua yanapokuwa wazi, aandike kila jina, na mwezi wa kuchanua, na mwezi wa kupasuka tunda, na mahali mmea ulipokuwapo zamani ambapo sasa haupo. Nakala moja na ikae shuleni, na nyingine apewe mtendaji wa kijiji, ili siku halmashauri itakapokaa kupanga ardhi iwe na orodha mezani.